Mizani Mbili za Maneno
Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuhusu haki kati ya mwuzaji na mnunuzi





Mmezoea kuisikia Kamati ya Haki na Amani ikizungumza juu ya mambo mazito: migogoro ya ardhi, rushwa, uchaguzi, mirathi ya wajane. Leo tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni kauli mbaya na dharau tunazokutana nazo dukani, kwenye mgahawa, katika basi na katika duka la dawa. Huenda mtu akauliza: Je, kusonya nako ni suala la haki? Si utovu wa adabu tu, ambao mtu mzima huupuuza akaendelea na safari yake? Sisi nasi tulifikiri hivyo, mpaka siku moja tulipofundishwa na bibi mmoja asiyejua kusoma. Tuanze na habari yake.

1. KITI KIMOJA

Mwaka jana, kabla ya mvua za masika, tulimsindikiza mjane mmoja wa parokia yetu kwenda kununua mabati. Jumuiya yake ilikuwa imechanga kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, ili mvua isiendelee kumnyeshea kitandani. Tulivaa shati la kawaida, bila kola ya upadre, maana tulijua kwamba tutabeba mabati. Duka lenyewe, ambalo hatutalitaja jina, ni kubwa, na lina kila kitu cha ujenzi.

Bibi alitangulia kuingia. Kwa desturi zetu ilimpasa kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta kumpa shikamoo. Hakumpa. Bibi aliuonea aibu ukimya ule, akaanza yeye: "Habari za kazi, mjukuu wangu?" Kijana hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Bibi akauliza bei ya bati la geji 30 na la geji 28, na tofauti yake ni nini. Kijana akajibu kwa mkato: "Bibi, hapa si mahali pa kuuliza-uliza. Kama huna hela, wapishe wenzako." Bibi alikuwa nazo hela zote, zimefungwa katika pindo la khanga yake.

Punde si punde akaingia bwana mmoja aliyeshuka katika gari. Kijana yule yule alisimama, akatabasamu, akamwamkia, akamweleza kwa ufasaha kwamba kadiri namba ya geji inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene. Kumbe alijua kueleza! Kumbe upole alikuwa nao, ila alikuwa amewawekea watu fulani.

Kisha mnunuzi mwingine akatutambua, akasema kwa sauti: "Tumsifu Yesu Kristo, Padre!" Kijana akashtuka. Mara kiti kikaletwa, kikafutwa vumbi, kikawekwa. Hakikuwekwa mbele ya bibi. Kiliwekwa mbele yetu. Na sisi, ndugu zangu, tuliketi. Mtu mwenye umri wa kutuzaa, mwenye magoti yanayomwuma, alisimama kando yetu mpaka mabati yote yakahesabiwa.

Tulipokuwa njiani kurudi, bibi hakumlalamikia kijana hata kidogo. Alisema tu: "Mabati ni mazuri, Padre. Ila kile kiti ulikipokea."

Hatukuwa na la kumjibu.

2. MIZANI MBILI

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anaeleza habari ya watu wawili wanaoingia katika kusanyiko: mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Yule wa kwanza anapewa mahali pazuri pa kuketi. Wa pili anaambiwa asimame, au akae chini. Yakobo haliiti jambo hilo kukosa adabu. Analiita hukumu mbaya na dhambi. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi tangu seminarini, na tulikuwa tumeihubiri. Siku ile tulikuwa ndani yake.

Torati inakataza mizani za udanganyifu, na nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Nchi yetu nayo inajali jambo hilo. Tunao Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao hukagua mizani ili kilo ya sukari iwe kilo kwa tajiri na kilo kwa maskini. Lakini hakuna wakala anayekagua maneno. Kijana yule alikuwa na mizani mbili mdomoni: moja ya kumpimia mwenye gari, nyingine ya kumpimia mwenye khanga iliyochakaa. Ndiyo maana tunasema kwamba hili ni suala la haki. Mwuzaji aliyechoka akiwanunia watu wote ana tatizo la tabia. Akiwanunia maskini peke yao, anadhulumu.

Wala tusidhani kwamba dhuluma hii huishia katika kuumiza moyo. Mtu aliyekaripiwa hurudi nyuma asiulize tena. Na asiyeuliza hununua kitu kisichomfaa. Bibi angeweza kuondoka na bati jembamba kwa kuogopa tu kuuliza. Fikirini basi habari ya duka la dawa. Mama mwenye mtoto mgonjwa, akijibiwa kwa ukali mara ya kwanza, hatauliza mara ya pili kama dawa hiyo inatolewa mara mbili au mara tatu kwa siku, kabla ya chakula au baada yake. Hapo kauli mbaya inaweza kugharimu uhai.

Ulimwengu ulikwisha kulitambua jambo hili. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitangazia Bunge la nchi yake haki nne za mlaji: kuwa salama, kuelezwa habari za kweli, kuchagua, na kusikilizwa. Ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo yake wa kuwalinda walaji. Tazameni zile haki nne: mbili kati yake, kuelezwa na kusikilizwa, hupita katika kinywa na masikio ya mhudumu. Akifunga kinywa na kuziba masikio, haki hizo zimekufa, hata kama zimeandikwa katika vitabu vya sheria.

3. TUMEFIKAJE HAPA?

Wazee waliopo hapa wanakumbuka vizuri kuliko sisi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ilishikwa na mashirika ya umma, na baadaye na makampuni ya biashara ya mikoa. Nia ilikuwa njema, yaani kumwondoa mlanguzi na kumfikishia mwananchi bidhaa kwa bei ya haki. Lakini ilipofika miaka ya mwisho ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na khanga vilipatikana kwa foleni. Wazazi wetu walituambia kwamba mtu aliweza kuacha jiwe au kikapu kushika nafasi yake tangu alfajiri.

Katika hali hiyo mwenye kugawa sabuni alikuwa bwana, na mwenye kuihitaji alikuwa mwombaji. Mnunuzi hakusema, "Naomba kununua", alisema, "Nisaidie." Tangu mwaka 1984 serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, maduka yalijaa tena kidogo kidogo. Foleni zilikwisha. Lakini lugha ya foleni haikuisha yote. Hata leo tunamsikia mtu mwenye fedha zake halali akisema, "Nisaidie soda," na mhudumu akimpa kana kwamba anampa sadaka.

Hata hivyo tusiitupie historia lawama zote. Vijana wengi wanaotuhudumia leo walizaliwa foleni zikiwa zimekwisha. Wamejifunza dharau mahali pengine, na huenda wamejifunza kwetu.

4. ALIYE NYUMA YA KAUNTA NAYE ANA HAKI

Juma lililofuata tulirudi dukani peke yetu, saa ya mchana isiyo na wateja. Tulimwambia kijana tulichokiona, bila kumficha kwamba sisi nasi tulikosa. Mwanzoni alinuna. Baadaye akatueleza maisha yake. Hufungua duka saa moja asubuhi na kulifunga saa mbili usiku, siku zote saba. Hana mkataba wa maandishi. Chakula cha mchana hula akiwa amesimama. Hesabu ikipungua jioni, hata kama ni kwa kosa la mwingine, hukatwa katika mshahara wake. Kisha akatuuliza swali: "Padre, tangu asubuhi leo ni watu wangapi unadhani wameniamkia?" Tukamwambia hatujui. Akasema: "Wewe na mzee mmoja."

Ndugu wapendwa, hapo tulielewa kwamba dharau ile haikuzaliwa kwenye kaunta. Ilitoka juu, ikampitia yeye, ikamwangukia bibi. Mwajiri alimfanya kijana kuwa chombo, na kijana akamfanya bibi kuwa kero.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema waziwazi kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Kwamba anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya saa 1. Na kwamba kila juma awe na saa 24 za kupumzika. Kanisa nalo halikungoja sheria hiyo. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba si halali kumfanya mfanyakazi mtumwa, na kwamba apewe muda wa kupumzika na wa kumwabudu Mungu. Basi ninyi mlio na maduka, mashine za kusaga, hoteli na mabasi, msiweke ukutani maandishi ya "Mteja ni Mfalme" ilhali anayemhudumia mfalme huyo mnamtendea kama punda. Punda aliyechoka hupiga teke, na teke hilo humpata aliye karibu, si yule aliyempakia mzigo.

5. MAKOSA YETU SISI WANUNUZI

Hali kadhalika sisi tunaonunua hatuna budi kujichunguza. Yoshua bin Sira anafananisha dhambi iliyopo kati ya kuuza na kununua na kigingi kilichokazwa katikati ya mawe mawili. Maana yake ni kwamba pande zote mbili hukibana.

Ni nani kati yetu hajawahi kufunguliwa vitenge kumi, akaondoka bila hata kusema asante? Ni nani hajawahi kumwita mhudumu wa hoteli kwa mluzi, au kuzungumza na simu huku anamwonyesha mwuzaji bidhaa kwa kidole kama anayeonyesha mbuzi? Konda wa daladala tunamwitaje? Na yule kijana anayetembeza bidhaa juani tunamjibuje? Tena wapo wanaokopa kwa maneno matamu na kulipa kwa matusi. Msemo ule unaobandikwa madukani, kwamba kukopa harusi kulipa matanga, haukubandikwa bure. Ulibandikwa na mtu aliyeumizwa.

6. NAMNA YA KUSAHIHISHANA

Tufanye nini basi tunapotendewa vibaya? Bwana wetu, katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, alitufundisha hatua za kumrudi ndugu aliyekosa. Hatua hizo zinafaa dukani kama zinavyofaa kanisani.

Kwanza, sema naye mwenyewe. Usirudishe tusi kwa tusi, wala usinyamaze kana kwamba hukusikia. Sema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimekusalimu. Nimekuja kununua, na ninaomba unieleze." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ikiwa pana watu wengi na hasira zimepanda, rudi siku nyingine mkiwa wawili.

Pili, asiposikia, mchukue mwenzako mmoja mwende kwa mwenye duka. Tajeni siku, saa na tendo. Msitaje kabila la mtu, wala dini yake, wala asili yake. Anayesema, "Watu wa namna hii ndivyo walivyo," ameshatoka katika kutafuta haki, na yeye mwenyewe ameingia katika dharau. Aidha, msiombe kijana afukuzwe. Kumfukuza si kumsahihisha; ni kumwongezea uchungu mtu mwingine mwenye njaa. Ombeni afundishwe, na ulizeni kwa heshima kama anapata siku ya kupumzika.

Tatu, mjue mahali sheria inapofika na mahali inapokoma. Mkiuziwa kitu kibovu, au mkidanganywa juu ya bidhaa, ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na ipo Tume ya Ushindani ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Mizani ikipungua, yupo Wakala wa Vipimo. Ubora wa bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango, na malalamiko ya mabasi hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Dai risiti na uitunze; asiye na risiti hulalamika, lakini hathibitishi. Lakini hakuna askari wa kumkamata mtu kwa kusonya. Hapo sheria imekoma, na ujirani unaanza.

Nne, ukiamua kuhamia duka jingine, una haki hiyo, lakini mweleze mwenye duka sababu yake. Ukihama kimya kimya umejiokoa wewe, na umemwacha bibi atakayekuja nyuma yako. Na mahali penye duka moja tu kijijini, ambapo hakuna pa kuhamia, jumuiya nzima ikazungumze na mwenye duka kwa upole, kama majirani wanaohitajiana.

Tano, na hili ndilo tunaloomba mlishike kuliko yote: mwenye kuheshimiwa aitumie heshima yake kwa ajili ya asiyeheshimiwa. Ukiitwa mbele ya foleni kwa sababu wewe ni mwalimu, au diwani, au padre, au kwa sababu umevaa vizuri, sema: "Asante, mhudumieni kwanza aliyetangulia." Ukiletewa kiti, mpe aliye mzee. Neno hilo haligharimu hata senti moja, na hufundisha kuliko hotuba, maana mwuzaji huliona likitoka kwa mtu aliyetaka kumpendeza.

7. TUANZIE NYUMBANI

Baada ya mambo hayo tulijiuliza: Je, kwetu hakuna kaunta? Tukaketi siku mbili katika chumba cha ndani cha ofisi ya parokia, mlango ukiwa wazi, tukasikiliza. Tulimsikia baba mmoja aliyekuja kutoa habari ya msiba. Kabla ya kupewa pole aliulizwa kama kadi yake ya zaka imejazwa. Tulimsikia binti aliyefuata cheti cha ubatizo akiambiwa, "Rudi kesho," bila kuangaliwa usoni. Na tulikumbuka, kwa aibu, sauti yetu wenyewe tunapoamshwa mchana wakati wa kupumzika. Aliyekuwa akihudumia pale alikuwa ameiga kwetu.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu. Anayekuja asalimiwe kwanza, kisha aulizwe shida yake. Mwenye msiba apewe pole kabla ya kuulizwa kadi. Na pawe na benchi la kuketi kwa kila anayengoja, si kiti kimoja cha mgeni mheshimiwa. Yoshua bin Sira alimfundisha mwanafunzi wake kumtegea maskini sikio na kumrudishia salamu yake kwa upole. Kumbe salamu ya maskini ni deni. Asiyeirudisha amebaki na kitu cha mwenzake.

Msidhani kwamba kila kitu kimekwisha kunyooka. Mwenye duka la mabati alituahidi kumpa kijana siku moja ya mapumziko kila juma, na mpaka sasa tunamkumbusha. Bibi tulimwomba radhi. Akacheka, akasema ameshasahau, ingawa tunajua hakusahau. Baadaye alikwenda tena dukani kununua misumari. Tulimwuliza alipokelewaje. Alijibu: "Aliniamkia."

Mungu awabariki, na awajalie kuwa na mizani moja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, ni mahali gani katika mtaa wetu ambapo maskini huhudumiwa tofauti na wenye uwezo? Tutaanza kuzungumza na nani, na nani ataandamana naye?

2. Je, kati yetu wapo walioajiri watu? Saa zao za kazi ni ngapi, na wanapumzika siku gani?

3. Je, sisi wenyewe tumewaamkia wangapi kati ya waliotuhudumia juma hili?

4. Je, ni mara gani ya mwisho tulipopokea kiti ambacho kilimstahili mwingine?